Nasoma Ujerumani, Lakini Kila Mwezi Nalipa Deni la Dodoma

Barua ya msomaji

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Mpunguzi, nje kidogo ya jiji la Dodoma katika barabara iendayo Iringa, na kwa sasa ninasoma shahada ya uzamili ya takwimu nchini Ujerumani, katika mji wa mashariki ambao ninaomba nisiutaje. Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu na nimeona kwamba humlaumu mtu kabla hujamsikiliza hadi mwisho. Ndiyo maana nimethubutu kukuandikia jambo ambalo hata mama yangu hajalisikia.

Nilimaliza shahada ya kwanza mwaka 2021 katika Chuo Kikuu cha Dodoma, nikakaa nyumbani karibu miaka miwili nikifundisha watoto wa jirani masomo ya ziada na kumsaidia baba katika shamba la zabibu. Baba alikuwa na ekari tatu. Nilipopata nafasi ya kusoma huku bila kulipa ada, kwa kuwa vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, nyumba nzima ilishangilia na kanisani tuliombewa mbele ya waumini wote. Hatukujua kwamba kusoma bila ada si kusoma bila fedha. Masharti ya viza yalinitaka nioneshe kuwa ninazo euro 11,208 katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo mwanafunzi huitoa kidogo kidogo, euro 934 kwa mwezi, ili ajikimu kwa mwaka mmoja. Kwa thamani ya wakati ule hizo zilikuwa takriban shilingi milioni 30.

Baba aliuza ekari moja, na fedha hiyo ikaishia kwenye kozi ya lugha, nauli ya ndege na malipo ya wakala aliyekuwa akinishughulikia safari. Kuhusu akaunti, wakala huyo huyo alijitolea kutukopesha milioni 30 zote kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Alitueleza kwamba fedha ile haitumiki, inakaa tu, na kila mwezi nitakapoitoa nitairudisha Dodoma mpaka deni liishe, huku mimi nikijikimu kwa kazi za wanafunzi. Tuliona ni jambo jepesi. Baba akaweka hati ya ekari mbili zilizobaki kuwa dhamana.

Nilifika Septemba 2023. Kuanzia Oktoba nilituma nyumbani karibu kila senti iliyotoka kwenye akaunti ile, shilingi milioni 2.5 kwa mwezi, na baba alimkabidhi wakala. Mimi niliingia kazini katika ghala la vifurushi, zamu ya saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kwa mshahara huo nililipa chumba, bima ya afya ambayo peke yake hukaribia euro 140 kwa mwezi, chakula, na hata ile tozo ya redio na televisheni ya euro 18.36 ambayo kila nyumba hulipa hata kama haina televisheni. Mwaka ulipokwisha nilijua deni limekwisha. Wakala akamwambia baba kwamba katika milioni 30 tulizolipa, milioni 18 zilikuwa riba, na kwamba bado anadai milioni 18 za mtaji. Tangu Oktoba 2024 ninatuma shilingi 900,000 kila mwezi, yaani zaidi ya euro 300, na kila nikiuliza naambiwa deni liko pale pale.

Masomo yangu yameharibika, Mwalimu. Kuna somo moja la lazima ambalo nimelifeli mara mbili. Mara ya kwanza niliingia katika chumba cha mtihani nikitoka moja kwa moja kazini, nikasoma swali la kwanza mara nne bila kulielewa, mimi ambaye somo hilo nililipata kwa alama A nikiwa Dodoma. Mtihani wa tatu, ambao ndio wa mwisho kuruhusiwa, ni Februari hii. Kibali changu cha ukaazi kinaisha tarehe 31 Machi. Na nikwambie lililo baya zaidi: sheria inaniruhusu kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka au nusu siku 280, lakini mwaka jana nilizidisha, kwa sababu nilikuwa pia nikisafisha jiko la mgahawa mmoja wikendi na kulipwa mkononi bila mkataba.

Nyumbani hawajui lolote. Wanaziona picha zangu nikiwa nimevaa koti zuri kwenye theluji. Baba husema kanisani kwamba mwanawe amevuka. Mwezi uliopita nimeombwa mchango wa harusi ya binamu, ada ya mdogo wangu na mifuko 20 ya saruji, na nimejibu kwamba nitaona, kwa sababu sijui kusema sina.

Rafiki yangu mmoja ananishauri niache chuo, nihamie Ureno ambako anasema mtu anaweza kufanya kazi bila kuulizwa maswali mengi, hadi deni liishe na shamba liokolewe. Wakati mwingine nafikiri nirudi tu nyumbani. Lakini nikirudi bila cheti, na shamba likachukuliwa, uso wangu nitauweka wapi? Nisaidie, Mwalimu, kabla Februari haijafika.

Binti wa Mpunguzi, Ujerumani

Jibu la Mwalimu

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu na karatasi, kwa sababu niliona umenitajia tarakimu zote ila hukuzijumlisha. Wewe ni mtu wa takwimu, na ninaamini kwamba usingekuwa umechoka kiasi hicho ungeifanya hesabu hii mwenyewe siku nyingi. Mlikopa milioni 30. Mwaka wa kwanza mlilipa milioni 30. Kuanzia Oktoba 2024 hadi Desemba 2025 ni miezi 15, na 900,000 mara 15 ni milioni 13 na nusu. Kwa hiyo familia yako imekwisha kutoa milioni 43 na nusu kwa ajili ya mkopo wa milioni 30, na bado mnaambiwa mnadaiwa milioni 18. Zaidi ya hapo, asilimia 5 ya milioni 18 ni shilingi 900,000 kamili. Yaani kile unachotuma kila mwezi kinalingana na riba hadi shilingi ya mwisho, na ndiyo sababu deni haliteremki hata kidogo. Unaweza kulipa hivyo hadi uzeeke na mtaji ukabaki kama ulivyo. Mtaani kwetu mikopo ya namna hii ina jina lake, kausha damu, na ninavyoona ni damu yako iliyokuwa ikikaushwa katika ghala lile usiku.

Jambo ambalo huenda wewe na baba yako hamkulijua ni kwamba kukopesha kwa riba nchini Tanzania si shughuli ya mtu yeyote mwenye fedha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara hiyo awe na leseni, na kwa wakopeshaji binafsi leseni hiyo hutolewa na Benki Kuu ya Tanzania, ambayo pia imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Nimeifanya tena hesabu yenu kwa ukomo huo, riba ikihesabiwa juu ya salio linalopungua. Baada ya malipo yenu 12 ya mwaka wa kwanza, deni lingekuwa limebaki chini ya milioni 9, na kwa hiyo 900,000 yako ya kila mwezi lingekuwa limekwisha kabla ya Desemba 2025. Rudia hesabu hiyo mwenyewe, taratibu, siku ambayo umelala usingizi wa kutosha.

Sisemi kwamba deni limefutika. Mimi si wakili, sijauona mkataba, na sijui baba yako aliweka sahihi kwenye maneno gani. Ninachosema ni kwamba mkataba huo unapaswa kuonwa na mtu anayejua sheria kabla hamjatuma shilingi nyingine kwa mazoea, na mtu huyo atataka kujua mambo machache: kama mkopeshaji ana leseni, kama hati ya shamba iliwekwa rehani kwa utaratibu wa kisheria au ilikabidhiwa tu mkononi, na kama kuna stakabadhi za malipo yote. Ikiwa baba yako alikuwa akikabidhi fedha bila kuandikiana, kumbukumbu zako za kutuma fedha kutoka huko ni ushahidi mzuri, kwa hiyo zitafute zote na kuzihifadhi leo. Msaada huo haulazimu fedha nyingi. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wasaidizi wa kisheria na mashirika yaliyosajiliwa yanayowahudumia wasio na uwezo bila malipo, na halmashauri ya jiji inaweza kuwaelekeza wazazi wako waliko. Benki Kuu nayo ina ofisi hapa hapa Dodoma, na malalamiko dhidi ya mkopeshaji yanapelekwa huko. Msikatishe malipo kimyakimya, kwa sababu ukimya mkopeshaji ataugeuza kuwa kosa lenu. Mjulisheni kwa maandishi, kupitia kwa mshauri wa sheria, kwamba mnataka hesabu kamili ya mkopo tangu siku ya kwanza.

Sasa unaona kwa nini ninakuambia kwamba baba yako hana budi kujua, na ajue wiki hii. Mkataba una jina lake, hati ni yake, na stakabadhi anazo yeye. Hakuna wakili atakayeweza kufanya kazi kwa niaba ya mzee anayeamini kwamba mwanawe amevuka na mambo ni mazuri. Umekuwa ukimficha ili kumlinda, naelewa hilo na silidharau, lakini kwa kumficha umemzuia asilitetee shamba lake mwenyewe. Hilo nitalirudia baadaye, kwa maana kuna mambo yenye tarehe ambayo hayawezi kungoja.

Mtihani kwanza. Katika vyuo vingi vya Ujerumani anayefeli somo la lazima kwa mara ya mwisho huondolewa katika masomo hayo, na mara nyingi hawezi tena kupokelewa katika masomo yale yale kwenye chuo kingine nchini humo. Kwa hiyo mtihani wa Februari usiuingie kama ulivyouingia wa kwanza. Nenda katika ofisi ya mitihani ya kitivo chako kabla siku ya mwisho ya kujiondoa haijapita, uulize maswali mawili: kama ukijiondoa sasa nafasi yako ya tatu inabaki kwa ajili ya muhula ujao, na kama kanuni zenu zina kipengele cha mwanafunzi aliyepatwa na hali ngumu ya kipekee. Majibu hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, hata kutoka kitivo hadi kitivo, kwa hiyo usitegemee alichoambiwa rafiki yako wa mji mwingine. Ukiugua siku ya mtihani, usiingie kwa kujikaza. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo na upeleke cheti chake ofisini. Sisi tumelelewa kuona kwamba kwenda kazini au kwenye mtihani ukiwa mgonjwa ni ushujaa, lakini katika utaratibu wa huko anayeingia na kuandika amekubali matokeo yake.

Kisha kibali. Tarehe 31 Machi haipaswi kukukuta hujapeleka maombi. Mtu aliyeomba kuongezewa muda kabla kibali hakijaisha huhesabiwa kuwa yumo kihalali mpaka ofisi itakapoamua, na hupewa cheti cha muda cha kuonesha hivyo. Aliyechelewa hana kinga hiyo. Kibali cha masomo huongezwa ikiwa masomo bado yanaweza kukamilika katika muda unaostahili, kwa hiyo utahitaji barua ya mshauri wa masomo inayoeleza umefaulu masomo mangapi, yamebaki mangapi, na utayamaliza lini. Usimwogope mshauri huyo. Mweleze ulikuwa ukifanya kazi usiku na kwa nini. Utatakiwa pia kuonesha namna ya kujikimu, na kipimo kinachotumika sasa ni euro 992 kwa mwezi, juu ya ile 934 ya wakati wako.

Hapo ndipo suala la siku za kazi linapoingia, na sitalipitia juu juu. Kazi ya mgahawa iache leo. Asiye na mkataba hana bima akiteleza jikoni, hana pa kudai mshahara ukizuiliwa, na kila wikendi anayoendelea anaongeza kosa juu ya kosa. Kuhusu siku ulizozidisha mwaka 2025, usiende ofisi ya vibali ukiwa peke yako na usiandike uongo kwenye fomu. Kabla ya kupeleka maombi onana na mshauri wa sheria wa wanafunzi. Serikali za wanafunzi katika vyuo vingi huko hutoa huduma hiyo bure, na shirika la huduma za wanafunzi, Studierendenwerk, lina washauri wa mambo ya kijamii wanaozijua kesi kama yako vizuri kuliko mimi. Waambie yote. Mficha uchi hazai, na mshauri asiyejua ulichokifanya atakushauri kwa ajili ya mtu mwingine asiye wewe.

Nataka pia uione hesabu nyingine, kwa sababu umeshawishika kwamba bila kuvunja sheria huwezi kuishi. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani tangu tarehe 1 Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Siku 140 za saa nane kila moja ni saa 1,120, ambazo ni zaidi ya euro 15,500 kwa mwaka kabla ya makato, yaani takriban euro 1,300 kwa mwezi. Kwa hiyo ndani ya sheria unaweza kuishi. Kilichokusukuma nje ya sheria ni zile euro 300 na zaidi zinazoondoka kila mwezi, pamoja na milioni 2.5 za mwaka wa kwanza ambazo zilikuwa riziki yako na zikageuzwa kuwa marejesho. Tena sikushauri uzimalize siku zote 140. Punguza zamu za usiku hadi mtihani upite, na uulize kitivoni kama wanahitaji msaidizi mwanafunzi, kwa sababu kazi za namna hiyo ndani ya chuo hazihesabiwi katika zile siku 140, hufanyika mchana, na humweka mtu karibu na masomo yake. Wewe ni mtu wa takwimu, na juu ya hayo ni mzungumzaji wa Kiswahili tangu utotoni, lugha inayofundishwa katika vyuo vikuu vya Leipzig, Hamburg na Bayreuth. Huwezi kujua kama nafasi ipo mpaka uulize.

Ikiwa mwezi mmoja au miwili itakubana kabisa wakati mambo haya yanarekebishwa, jumuiya za wanafunzi za makanisa huko, ya Kilutheri na ya Kikatoliki, husaidia wanafunzi wageni waliopatwa na dharura. Umelelewa kanisani, na nadhani utaona si aibu kubisha hodi huko.

Kuhusu Ureno, nakuomba usiende. Ukiondoka Ujerumani na kuacha kibali kife, unabadili hali inayorekebishika kuwa hali isiyo na mlango. Kanda ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, ina nchi 29, na anayeondolewa kwa kukaa bila kibali anaweza kupigwa marufuku kuingia katika zote, si katika ile moja tu aliyokamatiwa. Rafiki yako anakutakia mema, sina shaka, lakini hatakuwapo siku utakapougua na kuogopa kwenda hospitali, wala siku bosi atakapokataa kukulipa kwa kuwa anajua huwezi kwenda polisi. Na fedha utakayoipata kwa shida hiyo itakwenda wapi? Kwenye riba ile ile ya 900,000.

Kuacha chuo ili ufanye kazi tu hapo ulipo pia hakuwezekani, kwa sababu kibali chako kimetolewa kwa ajili ya masomo. Lakini ipo njia ya kati ambayo hukuitaja, nami naiona ya heshima. Ikiwa mtihani utashindikana kabisa, Ujerumani ina mafunzo ya kazi yanayoitwa Ausbildung, ambayo mwanafunzi hujifunza darasani na kazini kwa wakati mmoja na kulipwa posho ya kila mwezi. Uuguzi, kwa mfano, huchukua miaka mitatu, posho yake katika hospitali nyingi huzidi euro 1,000 tangu mwaka wa kwanza, na kwa kawaida huhitaji Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani cha mtu anayeweza kuzungumza bila shida kubwa. Kuhama kutoka masomo ya chuo kwenda mafunzo hayo kunahitaji kibali kingine, na ni lazima kuombwe wakati kibali cha sasa kingali hai. Muulize mshauri wa sheria katika kikao kile kile. Nasema haya si kwa kuwa nimekata tamaa na uzamili wako. Aliyepata A katika somo hilo Dodoma analiweza, akilala.

Na kurudi nyumbani? Kurudi ni halali siku yoyote, mwanangu, na nakukatalia kabisa kuliita kushindwa. Ninachokuomba ni kwamba ukirudi iwe kwa uamuzi uliokaa ukaufikiria, ukiwa na orodha rasmi ya masomo uliyofaulu mkononi, na si kwa kukimbia usiku mmoja wa Machi baada ya kulia.

Sasa turudi kwa baba yako. Nina mtoto aliyesoma India, ambako viza ya mwanafunzi haimruhusu kufanya kazi ya mshahara. Fedha tuliyomtumia ilikuwa ikichelewa, na kwa karibu mwaka mzima alikuwa akila mara moja kwa siku huku akitujibu kwamba ni mzima na chakula kipo. Tulikuja kujua kupitia kwa mwenzake aliyerudi likizo. Sitasahau siku ile. Sikumkasirikia kwa kukosa fedha. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimewasimulia walimu wenzangu habari zake nzuri miezi yote ile wakati yeye ana njaa. Nilijiona mjinga mbele ya mwanangu mwenyewe. Baba yako naye atakasirika, tena huenda akakasirika sana, na hasira hiyo itakuwa na huzuni ndani yake. Mwache akasirike. Mzee aliyeuza ekari ya zabibu kwa ajili ya binti yake hakufanya hivyo ili apate picha za theluji.

Wazazi wengine wanaosoma ukurasa huu nao nina neno nao. Kabla hamjaweka hati ya shamba mikononi mwa mtu ili mtoto asafiri, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu kama wakala huyo amesajiliwa, ulizeni Benki Kuu kama mkopeshaji ana leseni, na hesabuni mtoto atakula nini ikiwa fedha yake ya chakula ndiyo marejesho. Na akishafika, kabla ya kumwomba saruji, muulizeni analala saa ngapi.

Mwanangu, usimpigie baba akiwa katikati ya watu, wala usimtumie ujumbe mrefu ambao atausoma peke yake akakosa wa kumuuliza. Ongea na mama yako kwanza, Jumamosi, umweleze yote, kisha Jumapili jioni mpigie baba mama akiwa amekaa karibu naye. Uwe na karatasi ya hesabu mbele yako, ile ya milioni 43 na nusu, na uanze na hiyo, kwa sababu jambo la kwanza analopaswa kulisikia ni kwamba shamba linaweza kuwa na utetezi. Baada ya hapo mwambie habari za mtihani, habari za zamu za usiku, na kwamba kwa sasa huwezi kutuma saruji wala mchango wa harusi. Mwombe Jumatatu asubuhi achukue mkataba na kila karatasi aliyonayo aende mjini kutafuta msaada wa sheria. Zabibu zinakaribia kuvunwa, atakuwa na kazi nyingi, na atakuambia atakwenda wiki ijayo. Msisitize aende Jumatatu hiyo hiyo.